Mbwa Kali Alitangazwa kwa Kiswahili; Na Kamera Je?

Yeyote aliyewahi kupita katika mitaa ya wenye nacho nchini Kenya anakifahamu kibao cha "Mbwa Kali". Walimu wa sarufi wamekilaani kibao hicho kwa miaka mingi, kwani mbwa ni wa ngeli ya A-WA na kwa hivyo alistahili kuwa mkali, wala si kali. Hata hivyo, pamoja na kasoro yake, kibao kilitimiza wajibu wake barabara. Mchuuzi wa samaki, mwendeshaji wa bodaboda, mtumishi anayetafuta kazi na hata mwizi mwenyewe, wote walielewa kilichowangoja nyuma ya lango. Siku hizi, katika mitaa kama Milimani mjini Kisumu, mbwa amepata mwenzake. Juu ya lango huning'inia kamera, na aghalabu chini yake hubandikwa kibao cha Kiingereza chenye herufi nne, CCTV, ambazo hata wasomi wengi hawawezi kuzifumbua. Mbwa alitangazwa kwa lugha ya mpita njia. Kamera hutangazwa kwa lugha ya aliyeiuza.

Huenda msomaji akajiuliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina shughuli gani na kamera za langoni. Kamera za leo haziendeshwi na vioo na nyaya pekee, bali na programu, na programu ni maandishi. Kuna anayeyaandika, kuna anayeyasoma, na kuna yule anayeandikwa bila kujua. Vijana wa Kisumu wanaojifunza uandishi wa programu, wawe wa Chuo Kikuu cha Maseno, wa LakeHub au wa Zone01, wanaweza kuyashika maandishi hayo kwa mikono yao wenyewe kwa kuwa baadhi ya programu hizi ni huria. Makala haya yanashikilia kwamba kabla ya kijana yeyote kufunga mfumo wa namna hii katika lango la mtu, anapaswa kuujenga na kuujaribu katika karakana iliyo ndani ya tarakilishi yake mwenyewe. Na kwamba Kiswahili kiingie katika karakana hiyo tangu siku ya kwanza, kisingoje kupakwa mwishoni kama rangi ya mlango.

Milimani ni neno la Kiswahili lililokaa katika nchi ya Wajaluo, na historia ya mahali penyewe haiwezi kutengwa na mjadala huu. Reli ilifika Kisumu mnamo Desemba 1901. Mji ulipopangwa, Mzungu alitengewa sehemu yenye hewa na mandhari ya ziwa, Mhindi akakaa karibu na maduka yake, na Mwafrika akaachwa pembezoni. Mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza utengano huo wa makazi kwa kisingizio cha usafi. Mwafrika aliingia Milimani kama mfanyakazi, na kuanzia miaka ya 1920 aliingia akiwa na kipande shingoni. Humo ndani ya kikebe cha chuma mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri na ujira wake, pamoja na maandishi ambayo wengi wa waliokivaa hawakuweza kuyasoma. Wazee wa Nyanza walilikataa jambo hilo mapema. Mkutano wa Lundha, Gem, wa Desemba 1921, uliozaa vuguvugu la Piny Owacho, uliweka kipande miongoni mwa malalamiko yake makuu.

Kamera si kipande, na kudai kwamba ni kitu kimoja ni kutia chumvi. Mwenye nyumba aliyevunjiwa na kuibiwa ana haki ya kujilinda. Mgala muue na haki mpe. Lakini ufanano mmoja hauwezi kupuuzwa. Asubuhi, watu wengi huvuka Ring Road kutoka Nyalenda kuja kufanya kazi Milimani: mabawabu, wapishi, yaya, watunza bustani. Mwenye nyumba huonekana na kamera yake kwa dakika chache tu, akiingia na kutoka garini. Bawabu huonekana saa kumi na mbili mfululizo. Kwa hivyo kumbukumbu kubwa inayohifadhiwa katika diski ya mfumo ule ni maisha ya mfanyakazi: anapokula, anaposinzia, anapozungumza na nani na kwa muda gani. Kwa mara nyingine, rekodi ya mtu inakaa mikononi mwa mwajiri, kwa lugha isiyo ya anayerekodiwa.

Sheria imejaribu kulishughulikia jambo hili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, katika sehemu ya 29, inamtaka anayekusanya habari za mtu amjulishe kwamba zinakusanywa na kwa madhumuni gani. Kanuni za usajili za 2021 ziliwataja waziwazi waendeshaji wa mifumo ya kamera za usalama miongoni mwa wanaopaswa kujisajili. Ni kweli kwamba sheria humsamehe mtu anayeshughulikia data kwa mambo ya nyumbani kwake pekee. Lakini Milimani ya leo ina hoteli, nyumba za kupangisha na ofisi za mashirika, na hizo haziwezi kujificha nyuma ya msamaha huo. Adhabu nazo si za kinadharia: mnamo Septemba 2023 shule moja nchini ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ukivisoma vifungu hivi pamoja, swali linajitokeza lenyewe: kumjulisha mtu kwa lugha asiyoielewa ni kumjulisha kweli?

Sasa na tuje kwenye karakana. Programu huria ya kamera iliyo maarufu kwa muda mrefu ni ZoneMinder, iliyoanzishwa na Philip Coombes mwaka wa 2002. Inasemekana kilichomsukuma ni wizi: zana zake ziliibwa, naye akaamua kujitengenezea mlinzi. Baadaye zikaja nyingine kama Frigate, ambayo hutambua vitu vinavyoonekana, yaani mtu, gari au mnyama, bila kupeleka picha nje ya nyumba. Uzuri wa programu hizi ni kwamba msimbo chanzo wake uko wazi na hazimlazimishi mtu kuhifadhi picha zake katika seva za ng'ambo. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Mlinzi anayetegemea seva ya ughaibuni hulala siku kama hiyo. Na hata seva ikiwa macho, mwenye seva anaweza kuvamiwa: mnamo Machi 2021 wadukuzi waliingia katika mitambo ya kampuni ya Verkada ya Marekani na kupata picha za kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za hospitali.

Karakana haihitaji mali nyingi. Tarakilishi ya kawaida yenye mfumo wa Linux, uwe Debian au Ubuntu, yatosha. ZoneMinder imeandikwa kwa lugha tatu za programu, C++, Perl na PHP. Huhifadhi kumbukumbu za matukio katika hifadhidata ya MySQL au MariaDB, na hutazamwa kupitia kivinjari. Mtengenezaji hupakua msimbo, huujenga katika mashine yake au ndani ya kontena ya Docker, kisha huufungua kwa anwani isiyotoka nje ya mashine hiyo. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa Kiswahili kwa kuwa hailezeki kwa hasira. ZoneMinder huziweka picha zinazoingia katika kumbukumbu shirikishi ili sehemu zake mbalimbali zizisome mahali pamoja. Docker, isipoamriwa vinginevyo, huitengea kontena megabaiti 64 tu za kumbukumbu hiyo. Picha moja yenye upana wa nukta 1920 na urefu wa nukta 1080, kila nukta ikichukua baiti 4, hula zaidi ya megabaiti 8. Picha nane hivi zikishaingia, chombo kimejaa! Mwanafunzi huona kioo cheusi, akailaumu kamera, akaenda mjini kununua nyingine, ilhali dawa ilikuwa mstari mmoja wa amri.

Tena, katika hatua hii kamera yenyewe haihitajiki. Programu ya FFmpeg inaweza kuirudiarudia video moja bila kikomo na kuipeleka kana kwamba inatoka langoni. Jambo hili linaonekana la kiufundi tu, lakini ndiko maadili yanakoanzia. Kishawishi cha fundi ni kuchukua rekodi za nyumba ya mteja wa jana ili ajaribie mfumo wa mteja wa kesho. Rekodi zile zilichukuliwa kwa madhumuni ya ulinzi wa nyumba ile. Yaya aliyemo ndani yake hakukubali kuwa kifaa cha majaribio katika chumba cha mwanafunzi. Fundi mwungwana hujitengenezea video yake mwenyewe, akawapanga marafiki zake: mmoja apite na kapu, mwingine na mwavuli, wa tatu aegeshe pikipiki. (Wanafunzi wa tamthilia wanaolalamika kwamba hawana majukwaa wangepata kazi hapa.) Wote wanajua wanapigwa picha, wote wamekubali, na siku ya mwisho faili linafutwa.

Video hiyo inafaa kupigwa papo hapo Kisumu, kwani programu iliyozaliwa Ulaya haiyajui mazingira ya ziwa. Haijui makundi ya vijidudu vya ziwani yanayopanda usiku kama moshi na kuzizonga taa. Haijui mvua ya alasiri inayokuja na upepo wa kuyumbisha miembe, wala kurunzi ya bawabu inayomulika huku na huko. Kila kimoja kati ya hivi ni mabadiliko ya nukta machoni pa programu, na mabadiliko ya nukta huitwa tukio. Mfumo usiojaribiwa utaamsha nyumba nzima mara arobaini kwa usiku mmoja, hadi mwenye nyumba auzime kwa ghadhabu. Programu zinazotambua nyuso ni hatari zaidi. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa 2018 ulichunguza mifumo ya kibiashara ya kubaini jinsia kutokana na uso. Kwa wanaume weupe kosa lilikuwa asilimia 0.8, kwa wanawake weusi likafika asilimia 34.7. Anayetaka kuweka akili ya aina hiyo katika lango la Milimani, ambapo takriban kila anayepita ni mweusi, na aifanyie kwanza mtihani mbele ya nyuso za hapa, za watu waliokubali.

Karakana hufundisha pia kufuta. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne kwa siku 30 hukaribia terabaiti 2.6. Mwanafunzi anayeona diski yake ikijaa hujifunza upesi kuweka kichujio cha kuondoa rekodi za zamani, na akishajifunza, anaweza kumwuliza mteja swali ambalo muuzaji wa kamera haulizi: unahitaji kweli kuyahifadhi maisha ya bawabu wako kwa mwezi mzima? Jambo jingine ni nywila. ZoneMinder inaposakinishwa huwa haidai nywila mpaka aliyeisakinisha aiamuru idai. Ndani ya karakana hakuna madhara. Ikihamishwa hivyo hivyo hadi Milimani, ni lango lililoachwa wazi. Mwaka wa 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vinasa picha duniani kwa kutumia nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibadilisha.

Na lugha je? Lugha za ZoneMinder zimewekwa katika mafaili ya maandishi, kila lugha na faili lake. Lipo la Kijerumani, la Kifaransa, la Kiebrania. Lipo hata la Kiestonia, lugha ya nchi yenye watu wapatao milioni 1.3. Kiswahili, ambacho UNESCO inakikadiria kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200 na kukitengea Julai 7 kuwa siku yake, hakimo. Hakuna aliyekizuia. Mwestonia aliketi akaandika, Mswahili hajaketi. Na haiwezekani kusingizia kwamba kazi ya namna hii haijawahi kufanywa katika ukanda huu, kwani mnamo 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na istilahi zake zingali mtaji.

Kazi yenyewe si ya kubadilisha neno kwa neno. Waandishi wa ZoneMinder, kwa kujua kwamba si kila lugha hutofautisha umoja na wingi kama Kiingereza, waliacha nafasi ya kila lugha kujieleza. Kiingereza hutanguliza idadi. Kiswahili huifuatisha, na faili linaruhusu mpangilio ugeuzwe ili kioo kiandike "Matukio 37" badala ya "37 Matukio", kosa ambalo limezagaa katika simu zilizotafsiriwa kwa pupa. Ngeli nazo zinadai haki yake. Kivumishi kimoja cha Kiingereza chenye maana ya -pya kitakuwa jipya kwa tukio na eneo, mpya kwa kamera, kipya kwa kichujio. Mfasiri aliyepewa orodha ya maneno kwenye karatasi hawezi kujua neno lipi litakaa karibu na lipi. Lazima aione programu ikifanya kazi, abonyeze, arudi kwenye faili, arekebishe, abonyeze tena. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa isimu anaihitaji karakana ile ile anayoihitaji mwandishi wa programu, na pengine wangefaa kuketi mbele ya tarakilishi moja. La sivyo, mtandao utajaa "Mbwa Kali" wa kizazi kipya.

Kuna watakaosema kwamba bawabu hatazami kioo cha mfumo, kwa hivyo lugha ya kioo haimhusu. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Lakini sheria inampa anayerekodiwa haki ya kuomba kuona data yake, na siku akiomba, kioo hicho ndicho atakachoonyeshwa. Isitoshe, katika nyumba nyingi bawabu ndiye anayeachiwa kioo usiku. Wengine watauliza kwa nini Kiswahili na si Dholuo, maadamu hii ni Kisumu. Swali zuri. Malango ya Milimani yanalindwa na Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wanandi. Lugha wanayosalimiana nayo zamu zinapobadilishana ni Kiswahili. Faili la Dholuo nalo halizuiliwi na lolote, na atakayekuwa amelisaidia la Kiswahili atakuwa ameshaijua njia.

Istilahi zenyewe zitaleta ubishi, na heri ubishi huo ufanyike sasa. Magazeti yamezoea kuziita "kamera za siri", jina la ajabu kwa kitu kinachoning'inizwa juu ya lango ili kionekane. Wauzaji wanapendelea "kamera za usalama", kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. "Kamera za uangalizi" ni jina lisilomsifu wala kumlaumu yeyote, na huenda ndilo linalofaa katika faili.

Gumu zaidi ni istilahi ya sehemu moja ambayo ZoneMinder humruhusu mtumiaji kuichora juu ya picha, ili kila kilicho ndani yake kifunikwe kwa weusi na kisirekodiwe kabisa: dirisha la jirani, kwa mfano, au kibanda cha bawabu. Wengi wataharakia "eneo la faragha", na Katiba itawaunga mkono. Lakini faragha katika matumizi ya kawaida ni ya mtu aliyejitenga na watu, ilhali bawabu yuko kazini, njiani pa kila mtu. Anachohitaji anapobadilisha sare yake alfajiri ndani ya kibanda cha mabati ni kile ambacho Waswahili wamekiita sitara tangu kabla ya kamera kubuniwa. "Eneo la sitara", basi: maneno matatu katika mstari mmoja wa faili ambalo bado halijaanzishwa.